Shangani: Mtaa wa Mawe ya Matumbawe na Chokaa

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MTAA wa Shangani uko kwenye ncha ya magharibi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale ardhi inapochomoza baharini. Katika karne ya 19 hapa ndipo walipojenga mabalozi, wafanyabiashara wakubwa na jamaa wa watawala, na hadi leo hakuna sehemu ya mji yenye nyumba ndefu na milango ya fahari kama hii. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Anayetaka kuuelewa mtaa huu aanze na kuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri. Kuta ni nene, vichochoro ni vyembamba, na kivuli hukaa humo karibu mchana kutwa. Nje ya nyumba hujengwa baraza za mawe, ambako wenyeji huketi jioni na mapema asubuhi.

Milango ni somo peke yake. Ile yenye kichwa cha mraba hufuata mtindo wa Kiarabu, na yenye tao juu hufuata mtindo wa Kihindi. Njumu za shaba, minyororo na maua huchongwa au kupigiliwa kwenye mbao, na mfaa wa katikati mara nyingi ndio unaobeba nakshi nzito kuliko zote. Mlango mmoja unaotazamwa sana ni wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki mwaka 1905. Uzuri wa mlango huo hauwezi kutenganishwa na biashara iliyougharimia, na mgeni anastahili kuelezwa hivyo.

Kuelekea Forodhani ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ukumbi wake wa wazi hutumika kwa matamasha, likiwamo Sauti za Busara. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, yenye ghorofa ndefu, baraza pana pande zote na nguzo za chuma. Jengo hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kwa muda usiofika saa moja.

Kilichoshindikana kwa mizinga kilifanywa na uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu 2 walipoteza maisha.

Tukio hilo liliwakumbusha wengi jambo ambalo mafundi wa zamani walilijua. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi, wa mvua na wa bahari, na lipu ya chokaa huuruhusu unyevu huo utoke. Saruji huuziba. Maji yakikosa njia hubaki ndani ya ukuta pamoja na chumvi, lipu hubambuka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuona. Fundi anayempakia mwenye nyumba saruji kwa sababu ni ya haraka humwachia gharama kubwa zaidi miaka michache baadaye. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba anatakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kabla ya kukarabati, kuongeza ghorofa au kubadilisha dirisha. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa usumbufu. Ila paa linalovuja kwa jirani hulowesha pia ukuta mnaochangia.

Jua likikaribia kuzama, watu huelekea Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo yaliyosimamiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Wauzaji huwasha taa na majiko ya mkaa: mishikaki, pweza, muhogo, mkate wa kumimina, juisi ya miwa iliyokamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Pizza ya Zanzibar haina uhusiano wowote na ile ya Italia. Ni unga mwembamba unaokunjwa juu ya nyama ya kusaga, yai na kitunguu, kisha kukaangwa kwenye tava. Anayetaka chakula cha wenyeji hasa aulize urojo, mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu, unaomiminwa juu ya viazi, bajia, kachori na chatini ya nazi. Huu huliwa zaidi alasiri, vibandani ndani ya vichochoro, na huisha mapema.

Ni vyema kuuliza bei kabla ya kuagiza samaki, kuvaa mavazi ya staha ndani ya mtaa, na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga picha aliyeketi barazani kwake. Katika mwezi wa Ramadhani, vibanda vingi hufunguliwa baada ya adhana ya magharibi.