Mtambo wa Umeme wa Jua wa Malindi

Mtambo huu wa umeme wa jua uko Langobaya, Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Una uwezo wa kupeleka megawati 40 kwenye gridi ya taifa. Ulianza kuzalisha umeme kibiashara mwezi wa Desemba 2021 na humilikiwa na kampuni ya Globeleq pamoja na Africa Energy Development Corporation. Umeme wake hununuliwa na Kenya Power kwa mkataba wa miaka 20.

Paneli na biashara ya dunia
Paneli za mitambo kama huu huundwa kwa seli za jua, na nyingi ya seli hizo duniani hutengenezwa China. Marekani iliziwekea ushuru mwaka 2012, baada ya uchunguzi kuona kuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa, yaani chini ya thamani yake ya haki, na kuumiza viwanda vya ndani. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2013, kisha ukaondoa hatua hizo mwaka 2018.

Sheria ya Kenya
Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2017 iliunda wakala wa kuchunguza malalamiko kuhusu bidhaa zinazoingizwa kwa bei ya kutupa. Mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: bei ya kutupa, madhara kwa viwanda vya ndani, na uhusiano kati ya hayo mawili. Suala la kuweka ushuru kwa paneli za kutoka nje lina uzito nchini: Naivasha kuna kiwanda cha kuunganisha paneli, na kaya nyingi za vijijini zisizofikiwa na gridi hutegemea paneli za bei nafuu.