Maiki ya mdogo wangu

Leo nawaletea historia, ila inaanzia chumbani kwetu nyumbani.

Mdogo wangu ana miaka 15, anachana. Mwaka jana alidunduliza hela zake, akaniuliza: "Braza, ninunue maiki gani?" Mimi msomi nikajibu bila kufikiri: kondensa, ndiyo ya studio hiyo. Akanunua, akarekodi. Tulipoisikiliza tukakuta feni, jogoo wa jirani, bodaboda, mama akiita mtu jikoni, na dogo kwa mbaaali. Tangu siku ile hajarekodi tena. Iliniuma, ndo maana nikaingia maktaba.

Zamani hata studio hazikuwa na maiki. Mwimbaji aliimba kwenye pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake yenyewe ndiyo iliyotikisa sindano ikachora kwenye nta. Mwenye sauti ndogo alikuwa hana chake. Mwaka 1925 kampuni za Marekani zikaanza kutoa santuri zilizorekodiwa kwa umeme. Bibi yetu Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, mapinduzi hayo yalikuwa na miaka 3 tu.

Maiki iliyoleta mapinduzi hayo ilikuwa kondensa, aliyoibuni E. C. Wente mwaka 1916. Ndani kuna utando mwembamba sana mbele ya bamba, na chaji ya umeme katikati yake. Utando ukitikisika kidogo tu, umeme unabadilika. Kwa hiyo inasikia kila kitu! Ila wenzetu waliiweka kwenye vyumba vilivyotulia, vya kazi hiyo. Sisi tuna dirisha la nyavu na pazia moja.

Sasa kwa nini kila kijana anauziwa kondensa? Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler wa Bell Labs waliunda elektreti, yaani kondensa inayotunza chaji yake yenyewe. Ikawa rahisi kutengeneza, bei ikashuka. Maiki ikashuka bei, lakini kile chumba hakikuja nayo kwenye boksi. Hapo ndipo mimi nilipochemsha.

Kuna aina nyingine, dainamiki. Hii ina koili ya waya iliyoshikizwa kwenye utando, inacheza katikati ya sumaku. Ni nzito kidogo, haishtuki ovyo. Ukiisogelea mdomoni, sauti yako inayafunika makelele ya nyuma. Na msidhani ni ya kwenye majukwaa tu: fundi Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwenye Thriller, 1982, kwa dainamiki, Shure SM7. Na yeye angeweza kupata maiki yoyote aliyotaka!

Basi bumu lilipotoka nikanunua dainamiki iliyotumika, ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikampelekea dogo na kumwomba radhi. Nikamwambia arekodi akiwa ameelekea kabati la nguo, milango wazi, feni imezimwa. Akaipokea tu, hakusema kitu.

Juzi usiku kanitumia sekunde 40. Jogoo yumo bado, ila safari hii yeye ndo yuko mbali.

Ukiulizwa na mdogo wako "maiki gani", kwanza kaeni kimya chumbani kwake dakika moja, msikilize. Halafu ndo ujibu.

Tuko pamoja. Kesho nina tesiti saa 2 asubuhi, niombeeni.