Katuni na Darasa la Sanaa

Katuni nchini Kenya ilizaliwa magazetini kabla ya kufika darasani. Tangu miaka ya 1950 Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wa katuni ambaye kwa miongo kadhaa wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walimfuata fremu baada ya fremu. Kijana aliyetoka pwani, kwa mfano Ramisi, penye mashamba ya miwa kando ya barabara ya Lunga Lunga, akitaka kusomea uchoraji, alielekeza macho Nairobi. Huko Terry Hirst, Mwingereza aliyefundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta, alianzisha jarida la Joe mwaka 1973 pamoja na mwanahabari Hilary Ng'weno. Baadaye ukaja mfululizo wa vitabu vya katuni vya Pichadithi, jina lililounganisha picha na hadithi. Humo ngano za wazee ziligawanywa katika fremu, maneno yakiingia kwenye vipovu.

Shahada, hata hivyo, haikuwa sharti. Mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliacha masomo ya usanifu majengo mwaka 1992 akaenda kuchorea gazeti la Nation. Mwaka 1996 alichapisha kwa Kiswahili kitabu cha katuni, Abunuwasi, kuhusu mjanja ambaye watoto wa pwani walishamjua kwa kusimuliwa.