Mgagani wa Pwani ya Ziwa

Kandokando ya Ziwa Viktoria, pande za Kisumu, akina mama Wajaluo tangu zamani hupika dek, yaani mgagani, kwa maziwa ili uchungu wake upungue. Zama za ukoloni kabichi ilitukuzwa, na mgagani ukahesabiwa kuwa gugu tu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki.

Udongo ukaukapo, sumu iitwayo haidrojeni peroksidi huzidi ndani ya mmea wo wote. Mmea hauwezi kukimbilia kivulini kama mbuzi. Sharti ujikinge pale pale uliposimama. Oscar Loew alikipa jina la katalesi kimeng'enya kiivunjacho sumu hiyo ikawa maji na oksijeni. Mwaka 1969 Wamarekani McCord na Fridovich walieleza kingine, kitanguliacho kazi hiyo. Vimeng'enya hivyo vimo mizizini, shinani na majanini, hata katika kabichi. Lakini mgagani, zaidi ya hayo, hujitengenezea chakula kwa njia isiyopoteza maji mengi wakati wa joto.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizitafiti mboga hizi alipokuwa Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu. Leo mbegu za lile gugu huuzwa madukani.