Mkono wa Pili: Kumbukumbu za Washiriki wa Vita vya Uhuru Nchini Kenya

Kumbukumbu za watu walioshiriki katika vita vya ukombozi ni utanzu ambao aghalabu huachiwa wanahistoria. Mwanahistoria naye huzisoma kana kwamba ni ghala la matukio: huchukua tarehe, jina la kambi na idadi ya waliokufa, kisha huiweka kando sauti ya msimulizi. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji wa namna hiyo hautoshi. Ushahidi wa kumbukumbu haumo katika tukio peke yake, bali pia katika mikono ambayo tukio lilipitia hata likafika kwenye ukurasa.

Mfano ulio karibu na Eldoret unatosha kuonya. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika vilima vya Nandi, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza upinzani wa Wanandi, aliuawa na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Shajara ya muuaji huyo ilichapishwa mwaka 1957; kumbukumbu ya Wanandi ilihifadhiwa kwa mdomo. Katika shajara, ofisa ndiye aliyenusurika mtego. Katika masimulizi ya Wanandi, aliyetegwa ni Orkoiyot. Kuwapo kwenye tukio, basi, hakumfanyi mtu kuwa shahidi mwaminifu, wala kuandika hakuyapi maneno yake uzito kuliko ya asiyeandika.

Swali hilo linazidi kukaza inapofikiwa fasihi ya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Mwaka 1963 kilitoka kitabu cha J. M. Kariuki, Mau Mau Detainee. Mwaka 1966, Mau Mau from Within cha Karari Njama na Donald Barnett. Mwaka 1967, Mau Mau General cha Waruhiu Itote. Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza, na katika kila kimoja mkono wa pili unaonekana.

Kitabu cha Kariuki, mwana wa maskwota wa Bonde la Ufa, kilitanguliwa na dibaji ya Margery Perham, msomi wa Oxford. Msimulizi anaeleza viapo na maisha ya kambini kwa subira ya mtu anayejua kwamba msomaji wake ameshaambiwa kuwa wafungwa hao walikuwa wanyama. Katika kitabu cha Njama, mwalimu aliyekuwa karani wa wapiganaji wa Nyandarua, masimulizi yanakatizwa mara kwa mara na uchambuzi wa Barnett, mwanaanthropolojia wa Marekani. Msitu unasimuliwa na mmoja, maana yake inatolewa na mwingine. Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, akaachiwa uhai, kisha akawa kiungo katika mazungumzo baina ya serikali na wapiganaji waliobaki msituni. Hapana budi kitabu chake kisomwe pia kama utetezi wa mtu aliyechagua kuzungumza ilhali wenzake wakiendelea kupigana.

Gakaara wa Wanjau anatoa mfano tofauti. Shajara yake ya kizuizini ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mwandishi huyu huyu ndiye aliyekuwa ametoa kijitabu cha kisiasa kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, mwaka 1948. Kiswahili kilimfaa alipotaka kuwaamsha watu wa makabila yote. Alipotaka kukumbuka, alirejea lugha ya mama. Kwa upande wa Kiswahili, vita hivyo vilipata makao katika riwaya, kwa mfano Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, ya mwaka 1969. Ubunifu ukazungumza Kiswahili, ushahidi ukazungumza Kiingereza. Mpiganaji asiyesoma Kiingereza akawa msomaji wa mbali wa historia yake mwenyewe.

Ulinganisho na Ireland unatoa mwanga. Huko serikali yenyewe iliunda idara ya kukusanya kumbukumbu za waliopigania uhuru dhidi ya Uingereza. Kati ya mwaka 1947 na 1957 ilipokea taarifa 1,773, zikafungiwa, na hazikufunguliwa kwa umma mpaka mwaka 2003. Nchini Kenya mambo yalikwenda kinyume: watu binafsi walichapisha, ilhali marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria mpaka mwaka huo huo wa 2003. Ireland iliuliza, ikafunga majibu kabatini. Kenya haikuuliza, na waliosikika wakawa wale waliojua kuandika au waliompata mwandishi.

Kwamba jambo hili si la kitaaluma tu lilidhihirika mjini London. Wazee wa Kenya walioshtaki mwaka 2009 kwa mateso ya kambini walikuwa na miili yao na maneno yao. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na majalada ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, nayo yakaunga mkono yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema kwa miaka mingi. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228, na gharama zote zikafikia pauni milioni 19.9. Jalada lilichelewa; kumbukumbu ilikuwa imetangulia.

Kazi ya mhakiki, kwa hiyo, si kuamua kama mzee anasema kweli au anasahau. Ni kuuliza nani alimuuliza, kwa lugha gani, mwaka gani, na nani aliyaandika majibu. Maswali hayo yanahitaji kuulizwa kwa Kiswahili, na kwa haraka, maana waliokuwa vijana mwaka 1952 wamebaki wachache.