Mbawakawa Asiyeruka

Ukitaja Darwin, watu huwaza nyani. Mimi humuwaza kijana aliyeacha udaktari Edinburgh mwaka 1827 (naam, aliacha chuo kama mimi), kisha huko Cambridge akawa anabambua maganda ya miti mikavu akisaka mbawakawa. Siku moja alikamata wawili, mmoja kila mkono. Mara akaona wa tatu, Panagaeus crux-major, adimu kweli kweli. Akafanyaje? Akamtia mmoja kinywani! Mdudu akamwagia ulimi maji ya kuchoma, akamtema, na yule wa tatu pia akampotea.

Mbawakawa wa ardhini ndivyo wanavyojihami. Ila kinachonivutia zaidi ni miguu yao. Carabus intricatus, wa buluu, anayewinda konokono wasio na gamba kwenye misitu ya mialoni yenye unyevu huko Dartmoor, haruki. Msitu ukifyekwa, kuvuka mashamba hadi msitu mwingine humshinda. Kwa hivyo akionekana mahali, kuna uwezekano mkubwa miti imesimama hapo karne nyingi, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo. Uingereza walishamhesabu kuwa ametoweka, kumbe yupo. Alionekana tena miaka ya 1990, akipanda mashina usiku.