Zege la Rangi katika Njia za Waenda kwa Miguu: Kutoka Barcelona hadi Okayama

Miji mingi iliyoanza kutandaza zege katika njia za waenda kwa miguu tangu karne ya 19 iliridhika na rangi ya kijivu, na chanzo cha kuridhika huko kimo ndani ya saruji yenyewe. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds nchini Uingereza aliipatia hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi, mwaka 1824, hupata ukijivu wake hasa kutokana na chuma kilichomo katika udongo unaochomwa pamoja na mawe ya chokaa. Ndiyo maana saruji nyeupe, ambayo malighafi zake huchaguliwa ziwe na chuma kidogo sana, imekuwa ghali kuliko ya kawaida tangu ilipoingia sokoni, na ndiyo maana pia poda ya rangi inayotiwa katika saruji ya kawaida hufubaa. Hata hivyo, ukiitazama miji ambayo rangi zake zimedumu na ile ambayo rangi zake zimepotea, utaona kwamba hatima yake iliamuliwa zaidi na swali ambalo wachoraji wa ramani za majengo hulisahau kwa urahisi: nani ataitengeneza sehemu itakayovunjika, na atatumia nini ili ifanane na iliyobaki?

Swali hilo ni zito kwa sababu si kila rangi huweza kuishi ndani ya zege. Saruji inapoganda hutoa chokaa kali ambayo huiharibu buluu ya Prussia, rangi iliyopendwa sana na wachoraji wa Ulaya, na jua humalizia kazi hiyo kwa rangi nyingine nyingi za kikaboni. Zilizostahimili ni zile zinazotokana na oksidi za metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni: oksidi za chuma ndizo zilizotoa wekundu, umanjano na weusi, na oksidi ya kromiamu ikatoa kijani. Sakafu nyekundu za saruji zilizong'arishwa kwa nta katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilipata wekundu wake kutoka kwenye oksidi hiyohiyo ya chuma, na kudumu kwake kulitokana na kukaa kivulini na kutunzwa kila wiki, mambo mawili ambayo barabara haina. Nje ya nyumba, fundi anayeongeza maji ili zege limiminike kwa urahisi huipausha rangi yake bila kukusudia, kisha chokaa inayopanda juu pamoja na unyevu huacha utando mweupe ambao watu wengi huuita chumvi. Kwa hiyo mafundi wawili waliopewa poda ileile, saruji ileile na mchanga uleule waliweza kutoa vipande viwili vya rangi tofauti katika barabara moja.

Barcelona ililitatua tatizo hilo kwa njia ambayo wapenda rangi wangeiona kama kujinyima. Mpango wa upanuzi wa mji huo uliobuniwa na mhandisi Ildefons Cerdà na kuidhinishwa mwaka 1859 uliweka mitaa ya kawaida yenye upana wa mita 20, nusu yake ikiwa ya magari ya kukokotwa na nusu nyingine ikigawanywa kuwa njia mbili za waenda kwa miguu, kila moja mita 5. Ulikuwa ukarimu mkubwa kwa mtu wa miguu, lakini kwa miongo kadhaa ukarimu huo ulibaki katika ramani, kwa kuwa kazi ya kutandaza sakafu mbele ya jengo ilimwangukia mwenye jengo. Mmoja aliweka jiwe, wa pili akaweka saruji ya aina aipendayo, wa tatu akaacha udongo, na mvua iliponyesha mtaa mzima ukawa tope. Mwanzoni mwa karne ya 20, yapata mwaka 1906, halmashauri ya jiji iliingilia kati kwa kuweka kigae kimoja cha kawaida kinachoitwa panot, cha sentimita 20 kwa 20 na unene wa takriban sentimita 4, kilichotolewa katika michoro michache iliyopasishwa.

Kigae hicho kilikuwa mtoto wa teknolojia iliyokwisha kukomaa kusini mwa Ufaransa na katika viwanda vya Barcelona vyenyewe, kikiwemo Escofet kilichoanzishwa mwaka 1886. Badala ya kuchomwa tanuruni, vigae vya aina hiyo viligandamizwa kwa mashine ya nguvu ya maji vikiwa na tabaka laini juu na tabaka la chembe kubwa chini, kisha vikaachwa viive kwa unyevu. Kwa sakafu za ndani, tabaka la juu lilitiwa poda za rangi nyingi na kutoa nakshi zinazoshindana na zulia. Kwa barabara, jiji liliacha ukijivu wa saruji na kuweka uzuri wote katika mifereji na vilima vidogo vilivyochorwa na kalibu, yaani umbo la chuma linalokipa kigae sura yake. Mifereji hiyo iliondoa maji na kuzuia kuteleza, na ua la petali nne, ambalo mara nyingi huhusishwa na sakafu ya mlangoni mwa nyumba ya Casa Amatller iliyojengwa upya na msanifu Josep Puig i Cadafalch kati ya mwaka 1898 na 1900, likawa alama ya mji mzima. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu kalibu huweza kunakiliwa na kiwanda chochote baada ya miaka hamsini, ilhali rangi hainakiliwi kirahisi hivyo. Hata kigae cha pembe sita ambacho msanifu Antoni Gaudí alikibuni kwa ajili ya nyumba ya Casa Batlló na hatimaye kikatandikwa ndani ya nyumba ya Casa Milà kilitiwa rangi moja tu, ya kijani kinachoelekea buluu, na taswira zake za viumbe wa baharini hukamilika kwa kuunganisha vipande saba. Mwaka 1976 nakala zake zilitandikwa katika njia za waenda kwa miguu za barabara ya Passeig de Gràcia, na kutandikwa huko kuliwezekana kwa kuwa umbo lilikuwa limehifadhiwa.

Nchini Marekani, John Joseph Earley wa Washington alifuata njia nyingine, ambayo pengine ndiyo yenye uaminifu zaidi kwa zege. Katika kazi ya bustani ya Meridian Hill Park mjini humo, iliyoanza katika muongo wa 1910, hakutafuta rangi katika poda. Aliitafuta katika kokoto za mto Potomac, akazichagua kwa ukubwa na kwa rangi, kisha kalibu zilipofunguliwa kabla zege halijakauka kabisa, uso wake ulisuguliwa kwa burashi ya waya hadi saruji ya juu ikaondoka na kokoto zikaonekana. Umalizio huo, unaoitwa wa kokoto wazi, hauogopi kusagwa na viatu, kwa sababu rangi yake imo katika jiwe, na jiwe halipaushwi na jua.

Kwa njia yake ya waenda kwa miguu yenye nyota za kuwaenzi watu mashuhuri, Hollywood ilichagua terazo, yaani vipande vya marumaru vilivyozamishwa katika saruji ya rangi na kusagwa mpaka ving'ae: nyota za waridi ya marijani juu ya mandhari ya rangi ya makaa, zikizungushiwa shaba. Vielelezo vya kwanza vinane viliwekwa mwaka 1958, na ujenzi wa kudumu ukaanza mwaka 1960 baada ya wamiliki wa majengo kupinga mahakamani kutozwa gharama yake. Kufikia mwaka 2008 nyufa zilikuwa nyingi kiasi cha kulazimu mpango maalumu wa ukarabati, ingawa njia hiyo ina walinzi na wafadhili ambao mtaa wa kawaida hauwezi kuwaota.

Rangi yenye hoja nzito kuliko zote ilizaliwa Japani. Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 kigae chenye vinundu vinavyotambulika kwa nyayo na kwa fimbo, na mwaka 1967 vigae hivyo viliwekwa barabarani karibu na shule ya wasioona mjini Okayama. Umanjano uliokuja kuzoeleka kwa vigae hivyo unawahudumia watu wenye uoni hafifu, ambao hutegemea tofauti kati ya kigae na sakafu inayokizunguka. Tofauti hiyo ikipotea, vinundu hubaki lakini nusu ya msaada huondoka. Mamlaka za miji ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, ambako vitofali vya zege vya rangi, au kabro kama vinavyoitwa Kenya, vinaendelea kuchukua nafasi ya lami na udongo, zinapaswa kuandika katika zabuni zao jina la poda, aina ya saruji na akiba ya vitofali vya kukarabatia, na kuutenga umanjano kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu peke yao.